Nesi Aliyemtafuta Mnyama wa Ngezi

Nesi alikuwa haketi. Ukimkaribisha kiti alikisogeza kando kama mtu anayepisha njia, akauliza mtoto amekula nini, kisha akaenda kusimama mlangoni na kikombe chake cha chai, macho yake nje. Mama akimwambia, "Bi Nesi, kaa basi, japo upumzishe magoti." Naye hujibu, "Nkikaa ntasinzia, nkisinzia kitapita kitu." Nilipokuwa mdogo nilidhani anangoja gari. Nilipokua nikaambiwa anachongoja, na tangu siku hiyo na mimi nikawa siwezi kutulia nikiwa naye. Nilikuwa nageuka geuka kutazama nyuma yangu.

Alikuwa nesi wa kituo cha afya cha Makangale, kule juu kabisa kaskazini ya Pemba, mashamba yanakoishia na msitu wa Ngezi unaanza. Nusu ya watu wa rika langu walizaliwa mikononi mwake. Alipostaafu, jamaa zake wa Wete walimngojea arudi mjini, hakurudi. Alikodi vyumba viwili nyuma ya kituo, akanunua viatu virefu vya mpira, na kila asubuhi baada ya chai akaingia msituni kama vile alivyokuwa akienda kazini.

Kwetu sisi alikuwa Nesi tu. Kwa watu wa nje, vijana wa skuli, wageni wenye kamera, wapita njia waliosikia kwa wengine, alikuwa yule bibi anayemtafuta mnyama.

Habari yenyewe ni hii. Asubuhi moja, swala ya alfajiri imekwisha na kumeanza kupambazuka, baba yangu alikwenda kumchukua Nesi kituoni aje kumzalisha mama. Njia ya nyumbani kwetu ilikuwa inapita ukingoni mwa msitu. Kwenye pinda moja ya njia hiyo Nesi aliona mnyama mkubwa mwenye nywele mwili mzima, amesimama kwa miguu miwili, mrefu kuliko mwanamume yeyote aliyepata kumwona. Hakupiga kelele. Alimshika baba mkono, wakapita. Akafika nyumbani, akamzalisha mdogo wangu Hamadi, akanawa, akanywa chai yake amesimama, ndipo akawaambia wanawake waliokuwapo yale aliyoyaona. Akamalizia, "Na baba mtoto alikuwepo, kamuulizeni."

Wanawake wakatoka mbio hadi uani. Baba alikuwa anapasua kuni. Akasema, "Mimi sikuona kitu."

Maneno hayo mafupi yalikaa juu ya kichwa cha Nesi maisha yake yote. Baba yangu alikuwa mtu anayeaminiwa. Watu wakigombania mpaka wa shamba walimwita yeye, na akisema mkarafuu huu ni wa fulani, basi. Kwa hiyo aliposema hakuona, Makangale nzima ilijua kwamba hakukuwa na kitu. Nesi alichoka, wakasema. Nesi kazalisha wengi mno. Wengine wakasema si mnyama, ni shetani, na shetani hujionesha kwa anayemtaka. Sisi Makangale hata kulitaja jambo lenyewe hatukulitaja sawasawa. Tulisema "Mwenyewe," na kila mtu akaelewa. Nesi peke yake ndiye aliyesema "mnyama," kama anavyosema mtu anayetafuta mbuzi wake.

Mumewe alikuwa na duka la vitambaa Wete. Habari zilipomfikia alikuja Makangale, akamwambia mkewe mbele ya watu aseme tu kwamba alikuwa na usingizi, mambo yaishe. Nesi akamjibu, "Usingizi nlikuwa nao. Lakini usingizi hauna nywele." Yule bwana hakucheka. Akaja nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunywa, nakumbuka hakuyanywa, alikuwa anakizungusha kikombe tu. Akamuuliza baba, na baba akamwambia vile vile alivyowaambia wanawake. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akaaga. Haukupita muda, vitu vya Nesi vikaletwa kutoka Wete juu ya gari ya ng'ombe: godoro, kabati dogo, beseni la kufulia. Ameachwa.

Ungetarajia baada ya hapo asikanyage tena kwetu. Alikanyaga. Alikuja kumchanja Hamadi, akaja Hamadi alipoungua na uji, akaja mama alipokuwa na homa. Akifika humwambia baba, "Assalaam aleikum," kama inavyompasa Mwislamu, na baba huitikia, kisha papo hapo akakumbuka jembe lake lililoko nyuma ya nyumba. Wala hawakuwa na neno jingine baina yao. Sisi watoto tuliamini wamegombania shamba.

Alikuwa mkali kwa uongo kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na hapo ndipo watu wa nje walipokosea juu yake. Walidhani mtu anayemtafuta mnyama wa namna ile ataamini kila anachoambiwa. Kumbe hakuna aliyewafukuza mashahidi wengi kama Nesi. Akisikia mtu kaona kitu, Konde, Tumbe, popote, humwendea. Hamwambii yeye aliona nini. Humwambia, "Nambie ulichokiona, usinambie ulichokiogopa." Kisha huuliza kidogo kidogo: ulikuwa unatoka wapi, jua lilikuwa upande gani, kilikanyaga wapi. Na mwisho, kama jambo lisilo maana, huku anainama kutafuta ndara zake, huuliza, "Na uso wake ulikuwaje?"

Watu hapo ndipo walipofunguka. Macho mekundu. Meno. Pua kama ya nyani. Mmoja alimwambia uso ulikuwa wa Mzungu. Nesi husikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante baba, Mungu akuweke," akavaa ndara zake akaondoka, na hakumrudia mtu yule tena. Mimi niliyekuwa nikimfuata fuata siku za likizo ya skuli niliona kwamba kila aliyeujua uso ndiye aliyekuwa akimwacha kwa haraka. Sikujua kwa nini, na nilipomuuliza aliniambia nichukue kikapu twende.

Nyayo alizitoa kwa plasta, ile ile ya kufungia mikono iliyovunjika. Alijua kuikoroga isiwe nzito wala nyepesi, na aliimimina kwenye unyayo kwa upole ule ule aliokuwa nao kwa mgonjwa. Uvunguni mwa kitanda chake kulikuwa na mabonge meupe ya plasta yamepangwa kama mikate ya mofa. Ukimuuliza hili ni la nini, alikwambia bila kuona haya: nguruwe mwitu, kakanyaga mara mbili pahala pamoja. Hili komba kateleza. Hili ni langu mwenyewe, nilipotea nikazunguka nikajifuata. Alicheka sana alipokuwa akieleza hilo la kujifuata.

Kulikuwa na bonge moja kubwa kuliko yote, pana, halina vidole vizuri. Alilipata kwenye tope karibu na kijito, na anasema moyo ulimwenda mbio mpaka akashindwa kukoroga plasta. Alilibeba nyumbani, akaliweka mezani, akalitazama. Kisha akili ya unesi ikamrudia. Ule ulikuwa unyayo wa mtu mwenye matende. Akazifuata nyayo siku ya pili mpaka akamkuta mwenyewe, mzee aliyejijengea kibanda cha makuti ndani ya msitu kwa sababu ya kuwaonea haya watu. Hakuna aliyejua yuko hai. Nesi alikuwa akimwendea kila wiki kumwosha mguu kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mpaka yule mzee akakubali kutoka na kurudi kwa wanawe. Watu walipomsifu kwa hilo alikasirika. "Nlikwenda kutafuta mnyama," akasema, "msinifanye walii."

Mwaka wa hofu, wakati kisiwa kizima kilikuwa kinalala nje kwa kuogopa kitu kinachoingia majumbani, watu walimwendea Nesi wakidhani huo ndio wakati wake. Aliwaambia hilo halijui. "Halina unyayo," akasema. Akaendelea kulala ndani, mlango wake kausindika tu.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Alisema jini si kazi yake, na bado hakuingia msituni bila kusoma dua zake, akatema mate pembeni kidogo. Nilimdaka siku moja. Akanambia, "Mnyama hajui dua, lakini nyoka nani ajuaye?" Alichukia uongo, na wanawake wenye uchungu aliwadanganya waziwazi: "Bado kidogo tu, bibi, bado kidogo," kumbe bado sana. Alikuwa hodari wa kutuliza watu wengine na yeye mwenyewe hajui kutulia. Alihamisha kitanda chake kutoka ukuta hadi ukuta. Alianza kusuka ukili wa mkeka akauacha, alipanda mihogo akamwachia jirani aivune. Kitu pekee alichokifanya taratibu ni kusali. Shehe wa msikiti, ambaye vijana walimtaka amkanye, alikataa. "Mungu hakutuahidi kwamba atatuonesha viumbe vyake vyote," akawaambia. "Mwacheni mama wa watu atembee."

Wakaja siku moja wageni kutoka bara na kamera. Waliniomba niwapeleke, na nikawapeleka. Wakati huo nimeshaolewa na nakaa Madungu, Chake, nashona nguo. Walimweka Nesi mbele ya mti, wakamtaka asimulie. Akasimulia kwa maneno machache. Hayakuwatosha. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu, "Bibi, ungesema tu kwamba alikutazama, macho yake yakawaka. Watu watapenda."

Nesi akamtazama. "Mwanangu, weye uliona?"

"Hapana, bibi."

"Basi mbona wajua zaidi yangu?" Akakibandua kile kipaza sauti kidogo walichombandika kifuani, akamrudishia mkononi, akaingia ndani. Hawakumpata tena. Njiani wakirudi walikuwa wananung'unika kwamba ni bibi mgumu, na mimi nilikuwa nimeona haya na nimefurahi, sijui kipi zaidi.

Miaka ikaenda. Mama akafariki, baba nikamchukua Madungu nikae naye. Hamadi akanunua gari ndogo ya abiria. Nesi akazeeka akiwa njiani, kama mtu asiyepata nafasi ya kuliona hilo.

Mwaka huu baada ya mvua za masika alianguka msituni. Aliteguka nyonga, akalala chini mpaka wakata kuni wakamsikia anaita. Hospitali walimtibu, akarudi kwenye vyumba vyake na mkongojo. Mpwa wake wa Wete akampigia simu Bi Mgeni, jirani yangu wa Madungu ambaye naye ni mzaliwa wa Makangale na ndiye anayetukusanya kwenye harusi na matanga. "Nyinyi ni watoto wake," akamwambia. "Mimi hanisikii. Nendeni mkamwambie aje Wete, chumba kipo, mke wangu yupo, atatunzwa. Akianguka tena mule ndani hatutampata."

Tukapanga Jumapili. Tulikuwa watu tuliojaza gari ya Hamadi, wote tumezalishwa na Nesi isipokuwa wachache. Tukachukua mchele, sukari, mafuta ya kuchulia, jozi ya kanga. Bi Mgeni alikuwa tayari amepanga nani ataanza kusema na nani atalia.

Baba hatukumwambia. Umri wake mkubwa, na tulijua yaliyopita. Lakini nilipotoka chumbani asubuhi nilimkuta barazani, amevaa kanzu na kofia, fimbo mapajani.

"Baba, wenda wapi?"

"Makangale."

"Nani kakwambia?"

"Nyumba ina kuta nyembamba," akasema.

Safari ile ilinichosha roho. Baba alikaa mbele na Hamadi, na hakutulia hata kidogo. Alifungua dirisha, akalifunga. Aliuliza tumefika wapi na bado tuko Chake. Tulipopita Konde akamwambia Hamadi asimame, asali. Hamadi akamwambia, "Baba, adhuhuri bado." Akasema basi turudi. Hamadi akaegesha pembeni. Sote nyuma tukamtazama yule mzee kisogoni. Kisha akasema, "Nenda, nenda tu, mbona umesimama?" Bi Mgeni akanibana ubavuni kuniuliza ana nini. Nilikuwa na hofu tu, na sijui naogopa nini.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Alipoona gari inateremsha watu akasema kwa sauti, "Mbona wengi hivi? Kafa nani?"

Tukacheka, tukamshika mikono, shikamoo, marahaba, tukaingia. Chumba kikajaa. Wengine walikaa mkekani, wengine kwenye kitanda juu ya mabonge yake ya plasta. Yeye akabaki amesimama, ameegemea ukuta. Baba aliingia wa mwisho. "Assalaam aleikum, Bi Nesi." "Waaleikumu salaam." Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, na nikaona jicho lake linatafuta jembe lisilokuwapo.

Bi Mgeni akaanza. Alisema vizuri, sina budi kumsifu. Alitaja chumba cha Wete, umeme, hospitali iliyo karibu, wajukuu. Nesi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wete kuna msitu?"

"Hakuna, Bi Nesi."

"Basi ntafanya nini?"

"Utapumzika."

"Nshapumzika hospitali, nkatoka na vidonda vya mgongo." Akageuza uso nje. "Mungu awalipe kwa kuja. Chai ipo kwenye chupa."

Mmoja wetu akaanza kulia kama alivyopangwa, lakini nadhani alilia kweli. Ndipo baba akasema, bila kuinuka, "Bi Nesi, nna neno. Na hawa walisikie."

Wote tukamgeukia.

"Siku ile," baba akasema, "mie niliona."

Sijui nilisema nini, labda nilisema "Baba." Hamadi, aliyekuwa kizingitini na ufunguo wa gari, aliacha kuuchezea. Nesi alijitoa ukutani polepole, akaweka mkongojo chini, akakaa ukingoni mwa kitanda kati ya wanawake wawili. Nilikuwa sijapata kumwona amekaa namna ile, mikono miwili mapajani, kama mgonjwa anayengoja zamu yake.

"Uliona nini, baba Hamadi?"

"Mnyama. Mkubwa. Mrefu kuliko mie."

"Rangi?"

"Nyeusi. Nywele mwili mzima."

"Kasimama wapi?"

"Kwenye pinda. Chini ya mti."

Yote hayo kila mtoto wa Makangale anayajua. Nesi akaitikia kwa kichwa kila mara, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu anayesikia jina lake linaitwa kwa mbali. Nikajua swali gani linakuja. Nikatamani kumziba baba mdomo.

"Na uso wake?" Nesi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uso wake ulikuwaje?"

Baba akakohoa. "Macho mekundu, Bi Nesi," akasema. "Alitutazama."

Ndara za Nesi zilikuwa miguuni pake. Hakuzivaa. Alimtazama baba mpaka baba akainamisha kichwa.

"Hukuona," akasema.

"Niliona, wallahi..."

"Usiape! Usiape, baba Hamadi, utaapa uongo uzeeni bure. Hukuona. Mie mwenyewe sikuuona huo uso. Yule mnyama alikuwa katugeuzia mgongo."

Miaka yote hiyo hakuwa amemwambia mtu. Kila aliyeulizwa habari ya uso, akaeleza macho na meno, alikuwa anajifukuza mwenyewe.

Kisha Nesi akajifunika uso kwa ukingo wa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanawake waliokuwa kando yake wakamshika. "Niacheni," akasema. "Mie nlimlalamikia Mungu juu ya ntu huyu. Kila swala. Nlisema, ya Rabbi, yule kaona, kanikana kwa ajili ya kuwaogopa watu. Kumbe alisema kweli. Miaka yote alikuwa kasema kweli." Akamgeukia baba. "Nisamehe."

Baba alikuwa analia wazi sasa, bila kujificha. "Nlikuwa natazama chini," akasema. "Nlikuwa nalia, Bi Nesi. Tulikuwa tushazika watoto wawili kabla ya yule. Nlikuwa nimejitia kitambaa usoni, naona miguu yangu tu. Uliponishika nkono nikadhani weye wanambia nyamaza." Akapangusa pua kwa kofia yake. "Ningewaambiaje watu kwamba nilikuwa nalia njiani kama ntoto? Nikasema sikuona, nikaishia hapo. Na kwa neno lile ukaachwa. Nlitaka nikupe kitu kabla sijafa, na sina kingine."

"Mie niliachwa na mume wangu," Nesi akasema. "Sikuachwa na neno lako. Angetaka kuamini, angeniamini mimi."

Bi Mgeni akajaribu kurudisha mambo ya Wete, na hakuna aliyemsikiliza. Nesi alikuwa ameshashika mkongojo wake. "Inuka," akamwambia baba. "Twende nkakuoneshe."

Tukasema nyonga yako, tukasema jua, tukasema baba hawezi. Hawakutujibu. Wakatoka, yule na mkongojo, huyu na fimbo, wakashika njia ya ukingoni. Mimi na Hamadi tukawafuata kwa nyuma kidogo, kwa kuogopa wasianguke. Njia siku hizi imepanuliwa, pikipiki zinapita, na pinda yenyewe imebaki kidogo tu. Popo walikuwa wananing'inia juu ya miti, wakigombana. Kila tawi lililovunjika lilinirusha roho.

Nesi akasimama. "Mie nlikuwa hapa," akasema. "Weye pale. Nenda pale."

Baba akaenda pale. Akasimama na fimbo yake, akatazama kule alikooneshwa, kwenye kivuli kati ya miti, kwa muda mrefu, kama mtu anayelipa. Hakukuwa na kitu. Kisha akamgeukia.

"Haya," akasema. "Nambie. Mie sikuona. Nambie weye ulichokiona."

Katika watu wote waliopata kumwendea Nesi kwa ajili ya mnyama yule, wenye kamera na wenye kicheko, sikumbuki aliyemwomba hivyo, kisha akanyamaza. Nesi akamwambia. Alimweleza nywele za mabegani zilivyolowa umande. Alimweleza mkono mmoja ulivyoshika shina la mti, taratibu, kama mtu aliyechoka. Alimweleza pumzi. Baba alisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, na hakumkatiza.

"Kisha alianza kugeuka," Nesi akasema. "Bega hili likaanza kuja. Polepole."

"Na weye ukafanyaje?"

"Nkakushika nkono tukapita."

"Ulimwogopa?"

"Nlimwogopa, ndiyo. Lakini si kwa hilo." Alihamisha uzito wake kwenye mkongojo, akamtazama Hamadi aliyesimama kando yangu, jitu zima na funguo za gari mkononi. "Ningesimama kidogo tu ningeuona huo uso. Kidogo tu. Lakini nkeo alikuwa akiningoja."